Marahaba za Mama Masjala

Mama Masjala hakuwahi kusema "commit", neno la watu wa programu la kuhifadhi kipande cha kazi pamoja na maelezo yake. Nilipolitamka neno hilo mbele yake mara ya kwanza, yeye na kikombe chake cha chai ya tangawizi, miwani ikining'inia kifuani kwa uzi, alilisikia kama mtu yeyote wa Dodoma angelisikia, maana katika mji huu kila familia ina mtu anayesubiri kamati fulani imalize kikao. "Kwa hiyo nikimaliza kipande cha kazi naita kamati," alisema. Nikacheka, nikamsahihisha. Hakusahihika. "Na hapa panapotakiwa maneno, ndipo pa kuandika muhtasari wa kamati?" Nikamwambia hapo unaandika chochote tu, mradi pasibaki patupu. Akaweka kikombe mezani. "Chochote?" aliuliza, kwa sauti ya mtu aliyeambiwa kwamba wajukuu zake wanashinda wakila udongo.

Basi ikawa kamati, kwa miaka yote tuliyokaa chumba kimoja. "Kamati imekaa," alikuwa akitangaza kila alipohifadhi kazi yake, na kama kuna mgeni mlangoni alisimama kwa adabu akingoja wajumbe watoke. Hadi leo nikiwa peke yangu mbele ya kompyuta ulimi wangu unasema kamati. Nimejaribu kuacha, nimeshindwa, na sasa sijaribu tena.

Tulimwita Mama Masjala kwa sababu alitunza masjala ya chuo chetu, kile chumba cha majalada ambacho barua zote huingia na baadhi hazitoki. Wakuu wa chuo walimkuta, wakahamishwa, wakamwacha. Mimi nilikuja nikiwa mwandishi wa programu mpya kabisa, mtoto wa Njombe aliyetetemeka kwa baridi kwao na kuja kupasuka midomo kwa upepo wa Dodoma, nikiwa kwenye miezi ya majaribio kabla ya kuthibitishwa kazini. Mkuu wa kitengo akatuweka pamoja. Tutengeneze mfumo wa kufuatilia majalada, mimi niandike programu, yeye aseme majalada yanavyokwenda.

Lakini yeye hakutaka kusema tu. Alikuwa amepelekwa kwenye mafunzo mafupi ya kompyuta pamoja na wenzake kadhaa. Wenzake walirudi na vyeti, yeye akarudi na cheti na daftari la maswali. Alikuwa anajua kuandika kurasa rahisi, fomu, orodha na vitufe, na alitaka kuziandika mwenyewe. Ndiyo maana tukahitaji Git, ile programu inayotunza historia ya kazi, nani kabadili nini, lini na kwa sababu gani, ili watu wawili waandike kazi moja bila kukanyagana.

Niseme ukweli hapa. Mimi mwenyewe Git niliijua kwa kuisikia. Chuo kikuu nilimaliza na flashi mfukoni, ndani yake mafaili matatu yaliyoitwa mradi_mwisho, mradi_mwisho_kabisa na mradi_mwisho_kweli_sasa. Sikuwahi kufanya kazi na mtu. Kwa hiyo amri nilizisoma mtandaoni asubuhi na kumfundisha mchana, nikijifanya nimezijua tangu utotoni. Yeye alinisikiliza, akatazama ile orodha ya mabadiliko ikishuka kwenye kioo, jina, tarehe, saa, maelezo, kisha akasema, "Mwanangu, hii ni masjala."

Na kweli aliielewa kunizidi. Nilipomweleza kuhusu tawi, ile nakala ya pembeni ambamo unajaribu jambo bila kuharibu kazi kuu, aliniambia masjala wana jalada la muda: jalada kuu likiwa mezani kwa mkubwa na barua mpya imeingia, unafungua jalada la muda, na likirudi kuu unaunganisha. Tulipogongana kwa mara ya kwanza, sote tumebadilisha mstari uleule na mashine imegoma kuchagua, mimi nilipaniki. Yeye akasema ni folio mbili, yaani kurasa mbili za jalada, zenye namba moja, hilo hutokea, wahusika wawili wakae wasome zote mbili na waamue. Tukasoma. Wangu ulikuwa mbaya.

Sasa hizo salamu. Mama Masjala hakumjibu mtu asiyesalimia. Mhadhiri mwenye shahada tatu angeweza kusimama dirishani kwake akisema "naomba jalada langu" hadi jua likazama. Kwa hiyo nilipomwambia kwamba maelezo ya kamati husomwa na mwenzako, yeye akaona wazi kwamba lazima yaanze kwa salamu. Na kwa kuwa mimi ndiye mdogo, lazima niamkie. Historia ya mfumo wetu, ukiifungua leo, inasomeka hivi:

"Shikamoo Mama. Nimerekebisha kitufe cha kutafuta, kilikuwa hakisomi namba zenye alama ya mkwaju."

"Marahaba. Nimeongeza orodha ya idara. Idara ya Mipango ina majina mawili ya zamani, nimeyaweka yote."

"Shikamoo Mama. Nimeondoa rangi nyekundu."

"Marahaba. Rangi nyekundu ilikuwa na kazi, ni ya majalada ya siri. Nimeirudisha. Siku nyingine uliza."

Wenzangu wa chuo kikuu nilipowaonyesha walicheka hadi machozi. Nami nilicheka nao, kwa unafiki kidogo, kwa sababu nilikuwa nimeanza kuipenda. Huwezi kumwamkia mtu kisha ukaandika "marekebisho" ukakimbia. Salamu inakushika mkono, inakulazimisha useme ulichokuja kusema. Niliwahi kujaribu: "Shikamoo Mama. Marekebisho madogo." Akaniita hadi kwenye meza yake, hatua tatu. "Marekebisho siyo maelezo. Kesho mimi nimekufa, atakayekuja atajuaje ulirekebisha nini?"

"Mama, nawe, kufa tena?"

"Nakufa, ndiyo. Andika upya."

Alikuwa na kalamu moja ya bluu na hakuruhusu wino mweupe wa kufutia uingie ofisini. Ukikosea unapiga mstari mmoja, mwembamba, juu ya kosa, ili kosa lisomeke, kisha unaandika sahihi pembeni na kutia herufi za jina lako. Kukata mistari mingi hadi pakawa peusi aliita uchafu. Kuchana karatasi kutoka kwenye jalada hakuwa na jina la kuliita, alikuwa anakunja uso tu.

Usije ukadhani alikuwa malaika. Mwanamke huyu ambaye hakuwahi kuandika tarehe ya uongo, simuni alikuwa mwongo wa kutisha. Kila siku nilimsikia. "Niko hapa Majengo, nakaribia, nipe dakika tano," na yuko kwenye kiti, viatu amevua, anakwangua ubuyu. Alisema ameacha sukari na kabati lake la chini lilikuwa na kopo. Umri wake alipunguza miaka mitatu kila alipoulizwa, ingawa tarehe ya kuzaliwa ilikuwa kwenye jalada ambalo alilitunza mwenyewe, na hapo ilikuwa sahihi. Nilipomuuliza kuhusu hayo alisema maneno ya mdomoni yanakwenda na upepo na ndiyo maana yapo. Alikuwa mvumilivu ajabu kwa kompyuta, hana dakika moja ya subira kwa fundi wa feni. Siku za Jumanne alileta mlenda na ugali wa uwele na kunilazimisha nile, kisha akasema mbele za watu kwamba watu wa Njombe hawajui kula.

Nimezunguka sana. Nimezunguka kwa sababu habari inayofuata siipendi.

Mfumo ulikuwa uonyeshwe kwa uongozi wa chuo siku ya Jumatatu. Siku hiyohiyo ndiyo Mkuu wa kitengo angeamua kama nathibitishwa. Kwa siku tisa Mama Masjala alikuwa akiingiza majalada ya zamani, kila moja na namba yake ya kale, namba yake mpya na mahali lilipo, na alikuwa akiita kamati kila jioni kabla ya kufunga. Bila orodha ile mfumo ulikuwa kabati tupu. Mimi siku hizohizo tisa nilijifungia na sehemu yangu kwa mazoea ya flashi. Sikuvuta kazi yake, yaani kuichukua na kuiunganisha na yangu, hata mara moja. Nilijua napaswa kuvuta kila asubuhi, nilimfundisha mwenyewe.

Ijumaa asubuhi nikasukuma kazi yangu kwenda kwenye seva, ile kompyuta kuu iliyotunza kazi yetu sote, ikakataliwa. Kuna kazi ya mwenzako huku ambayo huna, mashine ilisema. Nikavuta, ikaniletea migongano sehemu nyingi kuliko nilivyoweza kuhesabu kwa utulivu. Mkuu alikuwa ameshapita mara mbili kuuliza kama tuko tayari. Mtandaoni nikaona mtu anasema kuna namna ya kulazimisha. Nikalazimisha. Ikakubali papo hapo, bila kelele, na kazi yangu ikakaa juu ya kila kitu. Zile kamati tisa za Mama zikatoka kwenye historia ya seva.

Nilipogundua nilichofanya ningeweza kusema. Kompyuta yake ilikuwa bado na kila kitu. Lakini ilikuwa imeanza kulalamika kwamba haielewani na seva, na niliona atauliza. Akatoka kwenda kantini. Nikakaa kwenye kiti chake, nikaandika amri ya kuifananisha na seva, na malalamiko yakaisha, na kamati zake tisa nazo zikatoka. Sikutaka kumharibia, nilitaka tu kompyuta inyamaze. Ndivyo nilivyojiambia.

Akarudi, akavaa miwani, akafungua historia kama alivyofanya kila siku, kwa kidole juu ya kioo.

"Mwanangu," alisema. "Shikamoo zako nne zimefuatana hapa."

Kidole chake kikashuka mstari kwa mstari.

"Shikamoo, shikamoo, shikamoo, shikamoo. Mimi sikuitikia? Siku tisa nilikuwa nimenuna? Marahaba zangu ziko wapi?"

Nikasema mtandao ulikatika wakati wa kusukuma. Nikasema hutokea. Mkuu wa kitengo akaingia katikati ya maneno hayo, akauliza kuna nini, akaelezwa, akanigeukia mimi kwa sababu mimi ndiye mtaalamu. Nami nikasema, na maneno haya nayakumbuka yalivyo, "Labda Mama alibonyeza vibaya."

Mkuu aliamini mara moja, na hilo ndilo linaloniuma mpaka leo, wepesi wa kuaminiwa kwangu. Alisema alijua tangu mwanzo, kazi hii si ya watu wa masjala, Mama arudi chini kwenye majalada yake na mimi niokoe nitakachoweza hadi Jumatatu. Alisema kwa upole. Mama Masjala hakujitetea. Alisema, "Sawa, Mkuu. Naomba nimalizie siku." Mkuu akatoka.

Akavuta kiti chake karibu na changu. Nilingoja anitukane, na nilikuwa nimejiandaa kulia. Akauliza, "Daftari la mwendo liko wapi?"

"Daftari gani?"

"Masjala jalada likipotea hatutafuti jalada. Tunatafuta daftari la mwendo. Limetoka saa ngapi, limechukuliwa na nani, limekwenda meza gani. Humu ndani liko wapi?"

Nikamwambia Git haina kitu hicho, historia ndiyo hiyo anayoiona. Akatikisa kichwa. "Haiwezekani. Mtu mwenye akili ya kutengeneza masjala kama hii hawezi kusahau daftari la mwendo. Tafuta."

Nikatafuta, kwa sababu ya aibu tu. Nalo lipo. Linaitwa reflog. Kila kompyuta inaandika kimyakimya kila mahali ilipopita, hata pale ulipodhani umefuta. Nilikuwa sijawahi kulisikia. Nikaandika neno hilo kwenye kompyuta yake na mistari ikashuka: kamati zake tisa zote, zimelala hapo salama. Na juu yake, mstari mmoja wa kurudishwa nyuma, na kwa kuwa nilikuwa nimeomba saa zionekane, saa yake.

Kompyuta iliandika 10:10. Akainamia kioo, midomo ikihesabu. "Saa nne na dakika kumi," alisema. "Saa nne na dakika kumi mimi nilikuwa kantini, nimeshika andazi."

Feni ikazunguka. Sikuwa na mtandao wa kusingizia.

"Rudisha kwanza," alisema. "Mengine baadaye."

Nikarudisha. Tukakaa tukasoma migongano yote, folio kwa folio, hadi saa tisa alasiri, na hatukusemezana lolote nje ya kazi. Tulipomaliza nikaandika maelezo ya kamati ile: "Shikamoo Mama. Nimeunganisha kazi." Akasoma. Akavua miwani akanitazama tu, na nikaelewa kwamba hapa ndipo ninapothibitishwa kazini au sithibitishwi, Mkuu aseme asemavyo. Nikafuta, nikaandika: "Shikamoo Mama. Nimerudisha kazi yako ya siku tisa niliyoifuta mimi kwa kulazimisha, kisha nikaifuta hata kwenye kompyuta yako ukiwa kantini, kisha nikamwambia Mkuu ni wewe."

Nikabonyeza. Nikainuka, nikaenda kwa Mkuu kabla miguu haijabadili mawazo, nikamwambia hayo hayo. Alikasirika vibaya, na kwa haki. Alisema atanisimamisha. Wakati bado anasema, mlango ukafunguliwa na Mama Masjala akaingia, akasalimia, akangoja aitikiwe, kisha akasema, "Mkuu, huyu kijana mniachie. Kazi hatujamaliza." Miezi yangu ya majaribio iliongezwa mitatu. Yeye akabaki kwenye mradi. Jumatatu aliuonyesha mfumo mwenyewe, na alipoulizwa jalada la zamani kuliko yote liko wapi, alilipata kabla muulizaji hajakaa.

Niliporudi mezani Ijumaa ile nilikuta kamati mpya. "Marahaba. Nimeona." Basi. Hatukulizungumza tena. Jumanne yake alileta mlenda kama kawaida.

Leo mimi ndiye Mkuu wa kitengo. Nina vijana watano wanaojua Git kuliko nilivyoijua mimi, na wanaandika "fix" na "fix tena" kwenye maelezo yao hadi nawaita hatua tatu. Mwezi uliopita tulikuwa tunahamisha mfumo kwenda seva mpya, na mmoja wao akapendekeza tuanze na historia safi, ya zamani tuiache. Akaja na ile kamati yangu ya Ijumaa kwenye simu yake. Alikuwa mwekundu machoni kwa kuzuia kicheko, au huruma, sijui. "Bosi, hii si ya kubaki. Ina jina lako." Nikamwambia historia yote inahama ilivyo. Jioni ile nikajua lazima niende kumwona mwenyewe, maana tangu alipostaafu nilikuwa nikimpigia simu tu, na simuni, nimeshasema, si mtu wa kuaminika.

Anaishi Makutupora, ana mistari michache ya zabibu nyuma ya nyumba. Nilimkuta kwenye kibaraza, ametandaza magazeti na anachambua vichala, vizuri huku, vilivyopasuka huku. Miwani ileile. Nikaamkia, akaitikia, akasema nimenenepa na kwamba ni kwa sababu ya mlenda wake. Nikamweleza kuhusu seva mpya na kijana na ile kamati.

"Umeiacha humo?"

"Nimeiacha humo, ilivyo."

Akaendelea na vichala vyake. Kisha akajifuta mikono kwenye kanga, akaingia ndani, akarudi na kaunta buku lenye jalada gumu, pembe zimelika. Akaliweka mapajani mwangu. Nikafungua. Majalada ya zamani, moja moja, kwa kalamu ya bluu: namba ya kale, namba mpya, mahali. Siku tisa nzima. Mistari myembamba mmoja mmoja juu ya makosa.

"Hili uliliandika lini?"

"Siku zilezile. Naandika hapa kwanza, ndiyo naingiza kwenye mashine. Mashine nilikuwa siijui vizuri."

"Siku ile... Ijumaa ile lilikuwa wapi?"

"Kwenye mkoba. Chini ya meza."

Baada ya kuifananisha kompyuta yake na seva nilidhani nimefuta kitu kisichokuwa na nakala duniani, na nakala ilikuwa futi mbili kutoka miguuni kwangu. Nikamwuliza kwa nini hakulitoa.

"Ningelitoa, ungemwambia Mkuu nini? Ungesema, Mkuu, tumepata nakala, tunachapa upya. Mambo yangeisha." Akachukua kichala kingine. "Mimi nilitaka useme. Nilikuona ni mtoto mzuri, nikasema huyu akiondoka leo bila kusema, atakuwa hivyo hivyo maisha yake yote."

"Na kama nisingesema?"

"Ningelitoa Jumatatu," alisema. "Mimi nilikuwa sirudi chini, mwanangu, usinione mjinga."

Nikacheka, na katikati ya kucheka machozi yakanitoka, na sikuona haya. Nikamwambia nashukuru. Nilimwambia kwa maneno marefu ambayo siyaandiki hapa, alikuwa akiitikia "haya, haya" huku anachambua. Kisha nikamwomba lile daftari niende nalo kwa vijana wangu.

"Litatoka kwa utaratibu," alisema. Akafungua ukurasa wa mwisho, ambao alikuwa ameupiga mistari kwa rula: tarehe, jina, sababu ya kuchukua. Palikuwa patupu. Nadhani uliningoja miaka yote hiyo. Akanipa kalamu. Nikaandika tarehe, nikaandika jina, na kwenye sababu nikaandika, "Shukrani."

Akapachika miwani, akasoma. "Shukrani siyo maelezo."

Nikapiga mstari mmoja, mwembamba, neno likabaki linasomeka. Nikatia herufi za jina langu. Pembeni nikaandika: "Shikamoo Mama. Nimelichukua daftari hili ili vijana wa kitengo waone kazi niliyoifuta mimi, na aliyekuwa nayo mkobani akaningoja niseme."

Akalisoma mara mbili, kidole kikifuata maneno. Akachukua kalamu, akainama, akaandika chini yake kwa mwandiko wake uleule wa masjala: "Marahaba. Lirudishwe kabla ya mavuno yajayo, na alilete mwenyewe."